Mola Mlezi na Vumbi la Mwanzo



Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu Mtukufu, na kumtakia rehema na amani Mtume wetu Muhammad (s.a.w.) pamoja na jamaa zake na masahaba wake, juma hili nitajibu swali lililonifikia kutoka bara. Mama mmoja mwenye asili ya Mombasa, anayeishi na mumewe huko Chekalini katika Kaunti ya Kakamega, ameandika kwamba binti yake alirudi kutoka shule na somo la sayansi daftarini: ya kuwa jua, ardhi na sayari zote zilitokana na wingu la gesi na vumbi, zaidi ya miaka bilioni nne iliyopita. Jioni ile ile binti akalipeleka jambo hilo madrasa. Akaambiwa anyamaze, maana hayo ni maneno ya kikafiri. Tangu hapo mtoto hasemi lolote, shuleni wala madrasa, na mama anauliza: "Sheikh, nimwambie nini?"

Mwambie, dada yangu, kwamba hakukosea kuuliza. Lakini kabla ya kumwambia jingine lolote, sisi watu wazima na tujue kwanza wataalamu wa falaki wanasema nini hasa, kwani haifai kukikataa wala kukikubali kitu tusichokijua. Falaki ninayoikusudia hapa ni elimu ya mbingu na nyota, ndugu yake hisabu ya kibla na nyakati za sala. Ile ya kupiga ramli na kuwatazamia watu nyota zao haimo katika maneno yangu.

Wingu linapokuwa sinia

Baina ya nyota na nyota pana mawingu makubwa mno. Karibu yote ni gesi, haidrojeni na heliamu. Vumbi ni kiasi cha sehemu moja katika mia kwa uzito, na chembe zake ni laini mithili ya moshi wa udi. Sehemu ya wingu ikiwa nzito ya kutosha, uzito wake wenyewe huivuta kwa ndani, nayo huanza kusinyaa.

Kila wingu lina mzunguko wake, hata ukiwa wa polepole. Mpe mtoto jiwe dogo lililofungwa uzi alizungushe, kisha auache uzi ujiviringe kidoleni. Kadiri uzi unavyofupika ndivyo jiwe linavyozunguka upesi. Wingu nalo, likisinyaa, huzidi kuzunguka. Vilivyo juu na vilivyo chini huanguka kuelekea kati, hukutana na kugongana, na mwendo wao wa juu na chini hufutana. Unaosalia ni ule mzunguko tu, na wingu hutandazika likawa kama sinia. Katikati ya sinia gesi hubanana na kupata joto kali, na hapo ndipo nyota inapozaliwa. Kinachobaki huizunguka nyota hiyo changa, na ndani yake ndimo sayari zinamoumbika.

Jambo hili halikukisiwa kwa mawazo matupu. Disemba na Januari, baada ya sala ya Isha, binti wa Chekalini na atoke uani, mahali ambapo taa za mji haziharibu giza, atazame juu. Atakiona Kilimia, lile fungu la nyota ndogo zilizosongamana, ambalo Waarabu huliita Thurayya na wazee wetu walilitumia kujua majira ya kulima. Nyuma yake kwa upande wa mashariki ipo nyota moja yenye wekundu. Jina lake ulimwenguni kote, hata kwa Wazungu, ni la Kiarabu: Aldebaran, yaani ad-Dabaran, mwenye kufuata, kwa sababu huifuata Thurayya.

Karibu na nyota hiyo kwa mtazamo wetu, ingawa iko mbali sana nyuma yake, pana nyota changa isiyoonekana kwa jicho tupu, iitwayo HL Tauri. Mwaka 2014 darubini ya redio ijulikanayo kama ALMA, yenye antena 66 katika jangwa la Atacama nchini Chile, iliielekea. Picha iliyotoka ilikuwa ya sinia hasa: duara la vumbi linalong'aa, lenye pete nyingi, na baina ya pete na pete mianya ya giza. Umri wa nyota yenyewe haudhaniwi kuzidi miaka milioni moja hivi, na kwa nyota huo ni uchanga. Mwanga wake husafiri yapata miaka 450 kabla ya kutufikia. Ule ulionaswa katika picha uliondoka huko kabla Wareno hawajaanza kujenga Fort Jesus mwaka 1593.

Wataalamu wengi wanaona kwamba mianya ile imefyekwa na sayari changa zinazokusanya vumbi njiani mwao, ingawa wako wanaotaja sababu nyingine. Kwa nyota ya pili, iitwayo PDS 70, shaka imeondoka. Mwaka 2018 ilionekana sayari moja ndani ya nafasi tupu ya sinia lake, na mwaka 2019 ya pili, nazo zingali zikivuta gesi na kukua.

Kutoka vumbi hadi ardhi

Basi vipi kitu laini kama moshi wa udi kikawa ardhi tunayoilima? Hatua ya kwanza ameiona kila anayefagia chini ya kitanda. Vumbi lisiloguswa hujishika lenyewe likawa vijitonge vyepesi. Ndani ya sinia, chembe hukutana polepole na kunatana vivyo hivyo, hata zikafikia ukubwa wa mchanga, kisha wa kokoto.

Hapo ndipo wataalamu walipokwama kwa miaka mingi. Vipande vikikaribia ukubwa wa mita moja havinatani tena, vikigongana huvunjika. Juu ya hayo, gesi hupunguza mwendo wao, navyo huporomoka kuelekea nyotani kabla ya kupata nafasi ya kukua. Jawabu linalokubaliwa na wengi leo ni kwamba kokoto hazikulivuka daraja hilo moja moja. Katika kupita kwake ndani ya gesi hukusanyika makundi makundi, kama mwani na vijiti vinavyosukumwa na maji mpaka vikalala mstari mmoja ufuoni. Kundi likiwa zito, hujivuta lenyewe na kuanguka pamoja, likawa jabali la kilomita nyingi kwa mara moja.

Kuanzia hapo majabali huvutana, hugongana na kuungana. Karibu na nyota joto huzuia maji yasigande, kwa hiyo vifaa vya ujenzi ni mawe na chuma tu. Ndiyo sababu Utaridi, Zuhura, Dunia na Mirihi ni sayari za mwamba. Kwa mbali maji huwa barafu, vifaa huongezeka, na huko Mushtarii iliwahi kukua hata ikaivuta gesi kwa wingi. Ilibidi iwahi, kwa kuwa sinia halidumu. Gesi yake hutawanyika ndani ya miaka milioni kadhaa. Dunia yetu ilichukua muda mrefu zaidi, makumi ya mamilioni ya miaka ya kugongwa na kuongezeka. Rai iliyo mashuhuri ni kwamba mgongano mmoja wa mwisho, mkubwa kuliko yote, ndio uliotoa huu mwezi ambao tunautafuta kwa macho kila mwandamo.

Mashahidi watatu wa kwetu

Msomaji atauliza: nani alikuwapo akaona? Hakuwapo mtu. Lakini mafundi wakimaliza nyumba huacha uwanjani kokoto, vipande vya matofali na vyuma, na mwenye ujuzi akivitazama hutambua nyumba ilijengwa kwa nini. Jua letu nalo limebakiwa na mawe ya aina hiyo yanayolizunguka, na baadhi yake huanguka ardhini. Tunayaita vimondo. Matatu kati ya yanayojulikana sana yameanguka katika nchi zetu.

La kwanza haliko mbali na Chekalini. Siku ya Ijumaa, tarehe 14 Agosti 1992, wakati wa alasiri, mawe yalinyesha juu ya mji wa Mbale, Uganda, upande wa pili wa Mlima Elgon. Majengo kadhaa yalipigwa. Kijana mmoja aligongwa kichwani na kipande kidogo ambacho majani ya mgomba yalikuwa yamekwisha kukipunguza kasi, naye kwa rehema ya Mwenyezi Mungu hakudhurika. Mawe ya jamii hiyo yana ndani yake vidonge vya mviringo, vidogo kama punje za ulezi. Ni matone ya mwamba yaliyoyeyuka na kupoa yakielea ndani ya sinia lile la mwanzo, kabla ya kuwapo ardhi ya kukanyagwa.

La pili lilianguka Ivuna, kusini-magharibi mwa Tanzania, tarehe 16 Disemba 1938. Kilichookotwa ni kiasi cha gramu 700 tu, pungufu ya kilo moja ya sukari, na kipande chake kimojawapo kimehifadhiwa katika jumba la makumbusho ya viumbe jijini London. Jiwe hili halikuwahi kuyeyuka tangu liumbike. Ukiziacha gesi nyepesi kama haidrojeni na heliamu, viasili vyake vimo kwa vipimo vinavyokaribiana mno na vile vya jua lenyewe, jambo linaloshuhudia kwamba jua na mawe yalitoka katika wingu moja. Kwa ajili hiyo jamii nzima ya vimondo vya namna hii imepewa jina la Ivuna. Mwishoni mwa 2020 chombo cha Kijapani Hayabusa2 kilileta gramu 5.4 za changarawe kutoka jabali la angani liitwalo Ryugu, na wapimaji walipozichunguza, walizikuta ni za jamii hiyo hiyo ya Ivuna.

La tatu liko Mbozi, katika mkoa ule ule wa Songwe. Ni pande la chuma lenye urefu wa yapata mita 3 na uzito unaokisiwa kuwa tani 16. Wenyeji walilijua tangu zamani. Likaingia katika maandishi ya wageni mwaka 1930. Chuma kama hicho hakijitengi na mawe ila katika jabali lililoyeyuka. Majabali mengi ya mwanzo yalipata joto kutoka ndani yake, chuma kizito kikazama kati na mawe mepesi yakabaki juu. Baadaye yakagongana na kupasuka, na viini vyake vikatawanyika angani. Kiini cha ardhi yetu, ambacho hakuna atakayekifikia kwa jembe, nacho ni cha chuma.

Ama umri, hupimwa kwa madini ya urani, ambayo hugeuka kuwa risasi kwa kasi inayojulikana. Chembe kongwe kuliko zote zilizopimwa ndani ya vimondo zina miaka bilioni 4.567. Hesabu iliyomo daftarini mwa binti imetoka huko.

Je, imani inadhurika?

Sasa tuje kwenye lile lililomnyamazisha mtoto. Imekuwa kana kwamba kusema "sayari ziliumbika kwa vumbi na kwa hatua" ni kusema "hazikuumbwa na Mungu". Hizi ni kauli mbili, na ya pili haitokani na ya kwanza.

Katika Suratul-Muuminun, kuanzia aya ya 12 hadi ya 14, Mwenyezi Mungu anatueleza namna mwanadamu anavyoumbwa tumboni hatua kwa hatua, tangu tone hadi pande la damu, pande la nyama, mifupa, na mifupa kuvikwa nyama. Hajapata mama Muislamu kusema kwamba, kwa kuwa mkunga anazijua wiki za mimba na mashine ya hospitali inaonyesha moyo wa mtoto ukipiga, basi mtoto huyo hakuumbwa na Mola wake. Kinyume chake, kila akionyeshwa zaidi husema "Subhanallah". Hukumu tunayoipitisha katika mimba na tuipitishe katika ardhi.

Tena tulitazame neno tunalolisoma kila rakaa katika Suratul-Fatiha, neno "Rabb". Imamu ar-Raghib al-Isfahani, katika kitabu chake cha kufafanua maneno ya Qur'ani, ameeleza kwamba asili ya neno hili ni malezi: kukianzisha kitu na kukipitisha hali baada ya hali hadi kifikie ukamilifu wake. Ndiyo maana katika Kiswahili tumezoea kusema Mola Mlezi. Mlezi wa viumbe vyote analea kwa muda. Kama amependa kumlea mtoto tumboni kwa miezi tisa, na kuilea ardhi kwa makumi ya mamilioni ya miaka, ni nani wa kumwambia ameikawiza?

Binti huenda akauliza juu ya zile siku sita. Na ajue kwamba siku tunayoihesabu sisi ni ya jua kuchomoza na kutua, nasi tunazungumzia wakati ambao jua lenyewe lilikuwa likiumbwa. Suratul-Hajj, aya ya 47, inataja siku iliyo mfano wa miaka elfu ya hesabu yetu. Suratul-Maarij, aya ya 4, inataja siku ya miaka elfu hamsini. Wafasiri wametofautiana juu ya zile sita, na katika jambo waliloliachia nafasi wanavyuoni hatuna haki ya kumbana mtoto wa shule.

Lakini ninao wasia pia kwa wale wenye pupa ya upande wa pili. Wako ambao, wakisikia habari ya wingu, hukimbilia Suratu Fussilat, aya ya 11, ambapo mbingu inatajwa ilipokuwa moshi, wakatangaza kwamba darubini imeisadikisha Qur'ani. Tujihadhari. Rai ya kwamba jua na sayari zilitoka katika wingu moja ilitolewa na Kant wa Ujerumani mwaka 1755, na Laplace wa Ufaransa mwaka 1796. Mwanzoni mwa karne ya 20 wengi waliiacha. James Jeans wa Uingereza na wenziwe walishika rai kwamba nyota ya kupita ililivuta jua na kuling'oa mali ya sayari. Baadaye rai hiyo ikabainika kuwa haisimami, na ile ya wingu ikarudi na dalili za nguvu zaidi. Lau kama sheikh mmoja wa zama za Jeans angaliifunga aya kwa nyota ya kupita, wajukuu wake leo wangalionaje? Maneno ya Mwenyezi Mungu hayahitaji nguzo inayobadilishwa kila kizazi.

Na tuna mwongozo bora kuliko wote. Alipofariki Ibrahim, mwana wa Mtume (s.a.w.), jua lilipatwa siku hiyo, na watu wakasema limepatwa kwa msiba huo. Angaliwanyamazia, wangalizidi kumtukuza. Lakini Mtume, akiwa na huzuni ya kufiwa, aliwafahamisha kwamba jua na mwezi ni ishara mbili za Mwenyezi Mungu, wala havipatwi kwa kufa kwa mtu wala kwa kuishi kwake. Hakukubali dini itetewe kwa dalili isiyo ya kweli. Imamu al-Ghazali, aliyeijua hadithi hiyo, aliandika mwanzoni mwa Tahafut al-Falasifa kwamba anayedhani kuwa ni wajibu wa dini kupinga hesabu za kupatwa kwa jua anaidhuru dini yenyewe. Kwani mwenye kuijua hesabu hiyo kwa yakini haitilii shaka hesabu, huishia kuitilia shaka dini. Ameyaandika hayo zaidi ya miaka mia tisa iliyopita, na kisa cha binti wa Chekalini kimo ndani yake.

Nimwambie nini?

Kwanza, dada yangu, mfungue mtoto ulimi. Mwambie kwamba ukafiri ni kumkanusha Muumba, na darubini haikuleta habari hiyo. Atakayedai kwamba wingu, uzito na vumbi vilijiweka vyenyewe, amesema jambo ambalo hakuliona katika HL Tauri wala katika jiwe la Ivuna. Hapo ndipo mpaka wetu ulipo, na binti ana umri wa kuuelewa.

Pili, usimfundishe kuchagua. Mtoto anayeambiwa kwamba daftari la shule na msahafu haviwezi kukaa katika mkoba mmoja atakuja kuchagua siku moja, akiwa peke yake, pengine chuo kikuu, mbali na mama na mbali na ustadhi. Wengi tuliowapoteza hawakuchukuliwa na sayansi. Walikata tamaa kwa kukosa mtu wa kuwajibu.

Tatu, wewe na mumewe wako mwendeeni ustadhi wake kwa adabu, faraghani, bila ya kumvunjia heshima mbele ya wanafunzi. Yeye alitaka kuilinda imani ya mtoto, na nia hiyo ina ujira wake. Mkumbusheni tu kwamba neno "kafiri" ni zito sana kuliko kurushiwa mtoto aliyeuliza. Swali likimshinda, na aseme kama walivyosema maimamu wakubwa: Allahu aalam. Kisha wakatafute pamoja.

Nne, mtoe nje usiku. Mwonyeshe Kilimia na ile nyota nyekundu inayokifuata. Mwambie kwamba hapo, nyuma kabisa ya kile anachokiona, ziko ardhi nyingine ambazo huenda ziko katika malezi hivi sasa, vumbi juu ya vumbi. Na akiuliza tena swali usilolijua, liandike uniletee.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atuzidishie elimu yenye manufaa, awatengenezee watoto wetu nyoyo zenye kuamini na akili zenye kutafakari, na awarehemu walimu wetu waliotangulia. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.